Punguza Gitaa Hilo

(Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi jioni, uani kwa Mwalimu, Tabata, siku bendi yetu ilipotimiza miaka 10. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, pamoja na niliyokatizwa nayo.)

Mzee wetu wa ng'ambo ya ukuta, shikamoo. Mashemeji zangu, habari za jioni. Majirani, karibuni, na asanteni kwa kuvumilia. Watoto, shukeni juu ya hiyo spika, bado hatujamaliza kuilipia.

Nimepewa dakika 10. Nilichaguliwa kusema kwa kura tatu dhidi ya mbili, na moja kati ya hizo tatu ni yangu mwenyewe. Mwimbaji alitaka aseme yeye, kwa hoja kwamba maiki ni yake. Mwalimu alitaka aseme yeye, kwa hoja kwamba ua ni wake. Wakabishana wiki mbili. Mimi nikapita katikati yao kama besi inavyopita kwenye wimbo, bila mtu kugundua.

Mshereheshaji wetu amenikaribisha kwa kusema "bendi hii" mara sita huku akipekua karatasi. Usihangaike, ndugu yangu. Jina halipo. Tumekwisha kuwa na majina manane na hakuna hata moja lililopita bila mtu kununa. Kwenye mabango tunaandika BENDI, basi. Mwimbaji aliwahi kuongeza kwa kalamu neno "ya" na jina lake mbele. Fundi akalifuta kwa mate.

Kwa wasiotufahamu: Mwalimu anafundisha fizikia sekondari na ndiye gitaa la solo. Karani yuko bandarini, anapiga rithim. Fundi anatengeneza friji siku za kazi na kuvunja dramu mwisho wa wiki. Mwimbaji ana duka la vipuri vya pikipiki Kariakoo. Mimi ni mhasibu, kazi yangu ni kuhesabu pesa za watu wengine, na hapa kwenye bendi nimepumzika kabisa, maana za kuhesabu hakuna.

Hilo la pesa naomba mlielewe vizuri. Bendi za dansi za mji huu ziligombea vitu vya maana. Msondo, ile iliyoanza 1964 kwa jina la NUTA Jazz, na Sikinde, yaani Mlimani Park ya 1978, zilikuwa na mashabiki waliokuwa tayari kununiana ofisini mpaka Ijumaa. Mpiga solo akihama upande mmoja kwenda mwingine ni habari ya mji mzima. Kulikuwa na mshahara, kulikuwa na ukumbi, kulikuwa na tajiri wa kumvizia mtu na bahasha. Sisi wapiga roki wa Tabata hatujawahi kuviziwa. Hakuna aliyekuja kutunyang'anya Mwimbaji, ingawa mara mbili tumeacha geti wazi makusudi.

Kwa hiyo tunagombea nini? Sauti. Nani asikike.

Tunafanyia mazoezi kwenye lile banda mnaloliona pale. Lilikuwa la kuku wa shemeji yangu, mke wa Mwalimu, na mpaka leo shemeji akinitengea chai hunikumbusha bei ya trei moja ya mayai. Kuku waliondoka, trei zikabaki, tukazibandika ukutani tukiamini zinazuia kelele. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetuharibia imani. Alisema trei inapunguza kidogo mwangwi wa milio myembamba humo ndani, basi. Kuzuia besi kwa trei za mayai ni kama kuzuia mafuriko ya Msimbazi kwa ufagio. Akachukua chaki akatuandikia mlangoni: uzi mnene wa besi ukipigwa mtupu unatetemeka mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa mita 8 na kitu. Banda lina mita 5. Maana yake, mabibi na mabwana, sauti yangu haina hata nafasi ya kujinyoosha mle ndani. Inakwenda kumalizikia sebuleni kwa Mzee. Ndiyo maana kila Mzee anapogonga ukuta kwa fimbo yake, hagongi kwa ajili ya gitaa wala dramu. Anagonga kwa ajili yangu. Nisamehe, mzee wangu.

(Mzee hakujibu. Aliinua kikombe chake cha kahawa kidogo, akakishusha.)

Vita vyenyewe huanza kwa adabu. Karani anasema hajisikii vizuri, anaomba radhi, anaongeza kidogo. Mwalimu, ambaye dakika ile alikuwa anajisikia vizuri tu, ghafla hajisikii. Naye anaongeza. Mwimbaji anataka maiki ipande, maiki ikipanda inapiga mluzi, mbwa wa nyumba ya tatu anaitikia. Fundi ndiye wa kuhurumiwa, kwa sababu dramu haina nobu. Hana pa kuzungushia. Kwa hiyo yeye huongeza kwa mabega. Kufikia wimbo wa nne kila mtu anapiga kwa nguvu zake zote na hakuna anayemsikia mwenzake, na wote wanasema neno moja, kila mmoja akimtazama mwingine: "Punguza gitaa hilo!" Hata Karani analisema, naye gitaa analo.

Siku moja Mwalimu aliamua kutuelimisha. Alisema ukitaka kuongeza desibeli 3 tu, lazima nguvu ya amplifaya iwe maradufu, na hizo desibeli 3 sikio la kawaida linazitambua kwa shida. Yaani mwenye wati 100 hamshindi sana mwenye wati 50. Alisema hivyo ili Karani aridhike na amplifaya yake ya wati 50. Karani alisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa, akashukuru, na Jumamosi iliyofuata akaja na ya wati 100. Nikamuuliza, kwani hukuelewa? Akasema, "Nimeelewa. Lakini yeye anayo ya 100."

Ilibidi tutafute dawa. Dawa yenyewe ni kile kisanduku cheusi mnachokiona miguuni pa Mwalimu, chenye nobu kubwa na taa nyekundu. Fundi alikitengeneza miaka saba iliyopita ili Mwalimu ajipangie sauti yake mwenyewe palepale anaposimama, asiwe anamkimbilia mtu wa mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, kila baada ya beti moja. Kikatuletea amani kiasi chake. Nitakirudia kabla sijakaa.

Msidhani haya yalianzia Tabata. Pale Liverpool, Uingereza, mwaka 1957, kulikuwa na vijana wa shule ya Quarry Bank waliojiita Quarrymen. Mkubwa wao alikuwa John Lennon, miaka 16. Walikuwa na gitaa, banjo, dramu, ubao wa kufulia nguo unaokwaruzwa kwa vidole, na besi yao ilikuwa sanduku la chai: sanduku la mbao limegeuzwa chini juu, fimbo, na kamba moja. Najua hapo kuna watu wa Unguja wanatabasamu. Ndiyo, ni sanduku lilelile la kidumbak, linaloungurumishwa harusini mpaka vumbi linapanda. Kwa hiyo mimi mpiga besi nina ukoo mkubwa kuliko hawa wenye magitaa ya solo.

Basi tarehe 6 Julai mwaka huo, kwenye sherehe ya kanisa mtaa wa Woolton, akaletwa kijana wa miaka 15, Paul McCartney. Anajua kutyuni gitaa. Jamani, Lennon alikuwa hajui. Alifundishwa na mama yake, na mama alikuwa mpiga banjo, kwa hiyo mkubwa wa bendi alikuwa anashika gitaa kana kwamba ni banjo, nyuzi nyingine zikimwangalia tu. Sasa kaa mahali pake. Amekuja mdogo wako anayekushinda. Ukimchukua, bendi inapanda, wewe unashuka. Lennon mwenyewe alikuja kueleza baadaye kwamba alilipima hilo jambo kichwani kabla hajaamua. Akamchukua.

Mwalimu, hapo nataka kukuuliza mbele ya watu. Wewe ungemchukua?

(Mwalimu, bila kusimama: "Ningempa rithim.")

Mmesikia. Karani, pole.

Lakini utamu wa kisa uko mbele. Oktoba 18 mwaka uleule, ukumbi wa New Clubmoor, McCartney anapanda jukwaani na Quarrymen kwa mara ya kwanza, na amepewa solo. Vidole vikamganda. Akalikoroga mbele ya watu. Solo ikaanza kutafutiwa mwenyewe, na mwenyewe akawa George Harrison, mtoto mdogo kuliko wote, aliyempigia Lennon gitaa ghorofani kwenye basi usiku. Alipoingia huyo, mpiga gitaa aliyekuwepo tangu mwanzo, Eric Griffiths, akajikuta hana nafasi. Yule wa ubao wa kufulia, Pete Shotton, alikwisha kutoka kwa njia yake: Lennon alimvunjia ubao kichwani kwenye sherehe moja. Shotton akafurahi, maana alikuwa haupendi na hakujua aache vipi. Na mpiga dramu, Colin Hanton, waligombana naye ndani ya basi wakitoka kupiga. Akabeba dramu zake, akashuka, hakurudi. Wakakaa muda bila mpiga dramu, na watu wakiwauliza, wanajibu kwamba mdundo uko ndani ya magitaa.

Fundi, ziba masikio. Mwalimu, usiandike hilo popote.

Waliobaki mnajua walikofika, ndio wakawa The Beatles. Mimi ninaowapenda ni wale walioshuka njiani. Mwaka 1997, miaka 40 baada ya ile sherehe ya kanisa, wa ubao, wa sanduku, wa banjo, wa gitaa na wa dramu walikutana tena wakapiga, wazee watupu, vipara na mvi. Mwenye dramu alikuwemo.

Kuhusu wapiga dramu nina mawili tu, na nayasema kwa sababu Mwimbaji ana tabia ya kumrushia Fundi maneno jukwaani. Mei 1965, mji wa Cardiff, bendi ya The Kinks. Dave Davies wa gitaa alimtukana Mick Avory wa dramu, akazipiga teke dramu zake zikasambaa. Avory akachukua chuma cha matoazi akampiga nacho kichwani, Davies akaanguka, akashonwa nyuzi 16. Avory alikimbia na nguo za jukwaani akidhani ameua. Polisi walipomuuliza, alisema ni sehemu ya onyesho jipya, wanarushiana vyombo. La pili ni la Amsterdam, 1984, na aliyelisimulia ni Keith Richards wa Rolling Stones: Mick Jagger alimpigia simu hotelini Charlie Watts alfajiri akiuliza yuko wapi "mpiga dramu wangu". Watts akanyoa ndevu, akavaa suti na tai, akajipulizia manukato, akashuka, akamtandika ngumi, akamwambia asirudie kumwita hivyo.

Mwimbaji, Fundi ana suti. Nimeiona.

Na mnisikilize enyi mnaotunga nyimbo. Mtoto wetu wa Unguja, Freddie Mercury, na bendi yake ya Queen nao walipata kesi ya namna hii. Ule wimbo wao mrefu wa 1975, Bohemian Rhapsody, ulipotoka kwenye santuri ndogo, upande wa pili uliwekwa wimbo wa mpiga dramu, Roger Taylor, unaohusu gari. Santuri ikauzika mno, na kwa kuwa pande zote mbili zinauzwa pamoja, mwenye wimbo wa gari akachuma kwa kila nakala sawasawa na Freddie. Wenzake walinung'unika miaka. Mwishowe, kwenye albamu yao ya 1989, wakakubaliana nyimbo zote ziandikwe kwa jina la bendi. Suluhisho zuri. Sisi haliwezekani. Hatuna jina.

Sasa harusi. Najua mashemeji mmeniomba nisiseme, lakini video ipo. Mdogo wake Karani anaoa, nasi tumekubali kupiga bure, zawadi yetu. Tumekubaliana kwa maandishi, nina karatasi: solo ya Mwalimu isizidi dakika moja na nusu. Ukumbi umejaa. Mashangazi wamekuja wanasubiri sebene, sisi tunawapa roki, wanavumilia kwa heshima ya familia. Mwalimu akaingia kwenye solo. Dakika ya pili, amefumba macho. Dakika ya tatu mshereheshaji ananyoosha saa. Dakika ya nne mlango wa jikoni unafunguliwa, ndafu inaingia juu ya meza ya magurudumu, imekaa kwa heshima zote, majani mdomoni, wapishi wawili wamevaa kofia ndefu. Hawajui waende au wasimame. Mwalimu hajafumbua macho. Mimi wakati huo sisikiki kabisa. Besi yangu ilikuwa imezimia. Ina ugonjwa huo wa siku nyingi, nyimbo zikikolea inazimia, ikipoa inarudi. Nimebadilisha nyuzi, nimebadilisha waya mara tatu, jamaa mmoja Kariakoo alinichaji elfu thelathini kuniambia ni unyevu wa bahari.

Mwimbaji akaona hapana. Akainama nyuma ya spika, akashika waya mnene wa kwanza aliouona, akauvuta kwa nguvu zote. Ulikuwa wa taa za mpiga video. Mkitazama kanda ile, ndafu inaingia, giza, gitaa linaendelea kulia gizani kwa muda mrefu sana, kisha mwanga unarudi na bwana harusi tayari ana nyama mdomoni. Tendo lenyewe la kulishana halimo. Bi harusi hajatusamehe. Mwalimu alipofumbua macho aliuliza, "Mbona watu wamesimama?" Karani akamwambia wanashangilia. Akainama kushukuru.

Nimefika mwisho, na nilisema nitarudia kisanduku. Miaka saba hii nimebeba siri, na leo ni siku ya kusafisha moyo. Mwalimu, kaka yangu, kile kisanduku hakijaunganishwa na kitu chochote. Nilimwomba Fundi akitengeneze hivyo. Ndani mna nobu, taa, betri na nusu tofali la kukipa uzito. Waya zinazoingia zimekatiwa palepale chini ya zulia. Kila ulipozungusha ukasema, "Ahaa, sasa," tulikuwa tunatazamana. Sote tulijua. Nisamehe.

(Hapo palitokea kicheko cha kama dakika nzima, na Fundi alianguka kwenye kigoda. Mwalimu alingoja kitulie, akaweka sahani yake chini, akasimama.

"Mhasibu," akasema, "mimi nafundisha fizikia. Kile kisanduku nilikifungua wiki ya kwanza."

Nikasema, "Sasa mbona uliendelea kukizungusha?"

"Nilikuta nobu ya voliumu, nzima kabisa, imekaa bure na tofali. Nikaona ni israfu. Nikatazama waya gani unapita karibu na miguu yangu kwenda kwenye mikisa. Ukawa wa besi yako. Nikaupitisha mle ndani, nikaunganisha kinyume. Mimi nikipanda, wewe unashuka."

"Tangu lini?"

"Wiki ya pili."

Nilijaribu kuhesabu pale pale nyuzi, waya, na zile elfu thelathini za unyevu wa bahari. Karani alikuwa amejifunika uso kwa leso. Mwimbaji alikuwa anaimba kabisa. Ndipo Mzee wa ng'ambo ya ukuta, ambaye jioni nzima hakutoa neno, akaegemea fimbo yake, akainuka taratibu.

"Mwalimu, mwanangu. Hicho kidude kinafika ngapi?"

"Kumi, mzee."

"Basi leo kiweke kumi.")